Samhain: Usiku wa Kuteremsha Ng'ombe

Hotuba kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Kaunti ya Meath, Ayalandi, wiki ya mwisho ya Oktoba

Wazee wangu, kina mama, kaka na dada, na nyie vijana mliokaa kule nyuma: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambaye salamu yake sijaitaja, hujambo na karibu.

Niliombwa nije niseme juu ya "ile siku ya mafuvu", yaani Halloween. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kundi letu la wazazi. Watoto wanaleta karatasi kutoka shule, wanataka nguo za mzimu, kofia za mchawi, meno ya bandia. Baadhi yetu tunakubali, baadhi tunakataa, na wapo waliokwisha kununiana kwa ajili hiyo. Ugomvi huo sikuja kuuamua. Kila nyumba ina imani yake, na mwenye nyumba ndiye ajuaye. Nimekuja na jambo moja tu: vile vinavyouzwa madukani na sikukuu yenyewe ni vitu viwili mbalimbali, na sikukuu yenyewe, Samhain, ni ya wafugaji. Wengi wetu humu ndani tumelelewa na maziwa ya zizini. Ningependa tuijue kabla hatujaihukumu.

Niwaeleze nilivyoijua mimi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mwaka wangu wa kwanza katika kaunti hii, usiku mmoja mwishoni mwa Oktoba, mzee mmoja aliyelima na kufuga maisha yake yote aliniomba mambo mawili kabla sijazima taa. Mlango wa chumba chake niuache wazi kidogo. Na kile kiti cha pembeni nikisogeze karibu na kipasha joto. Nikamwuliza anamsubiri nani. Akasema, ndugu zangu.

Ndugu zake wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mwili ulinisisimka. Nikafunga mlango, nikaenda kuandika kwenye daftari la zamu kwamba mzee amechanganyikiwa. Muuguzi wa zamu, mama mwenyeji wa hapa, akalisoma lile daftari, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole: "Leo ni Oíche Shamhna, usiku wa Samhain. Rudi ukamfungulie mlango, na kiti umsogezee."

Nikarudi. Asubuhi yule mzee alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Nilipokuwa namsaidia kuvaa soksi akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu nifike Ulaya: "Kwenu, ng'ombe hurudi lini?"

Nikamwambia kwetu ni Singida. Wakati wa kiangazi baba alikuwa akipeleka ng'ombe mbali, kwenye mbuga zenye maji, na vijana wakikaa nao huko. Mvua za kwanza zikinyesha, Novemba hivi, tunawaona wanarudi, wamekonda, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Yule mzee akapiga mkono juu ya goti. "Basi mwezi ni mmoja," akasema. Kuanzia siku ile akawa mwalimu wangu, na mengi nitakayosema leo nilianza kuyasikia kwake, kisha nikayatafuta vitabuni.

Tuanze na jina. Linaandikwa Samhain, lakini msilisome kama lilivyoandikwa. Wenyeji husema "sau-in". Usiku wake ni Oíche Shamhna, hutamkwa "ihe hauna". Na mkifungua kalenda ya Kiayalandi, mwezi mzima wa Novemba unaitwa Samhain. Kwa hiyo mtu akikwambia Samhain ni jina la mungu wa wafu, mwambie hapana. Maneno hayo yamerudiwa sana tangu karne ya 18, hayana mizizi. Ni jina la majira. Waandishi wa Ayalandi wa zamani walilifasiri kuwa mwisho wa kiangazi.

Wakelti, watu wa kale wa visiwa hivi, waliugawa mwaka kwa vituo vinne. Imbolc, 1 Februari, kondoo wanapoanza kutoa maziwa. Bealtaine, 1 Mei. Lughnasa, 1 Agosti, mwanzo wa mavuno. Na Samhain, 1 Novemba. Vinara vya mwaka ni viwili kati ya hivyo, Bealtaine na Samhain, na hapa ndipo ng'ombe wanapoingia.

Mwezi Mei nyasi zikichipua juu vilimani, ng'ombe walipandishwa huko. Vijana, hasa wasichana, walifuatana nao na kukaa kwenye vibanda vidogo mpaka majira yaishe, wakikamua na kusukasuka maziwa yawe siagi. Kambi hiyo ya malisho waliiita buaile. Huku bondeni karibu na nyumbani, malisho yalifungwa yasiguswe, yakue yangojee baridi. Mtawa mmoja Mwingereza, Beda, aliyeandika historia yake mnamo mwaka 731, alisema kwamba huko Ayalandi hakuna anayekata majani kiangazi kuyawekea akiba ya baridi wala anayejenga zizi, kwa kuwa hali ya hewa ni ya upole na theluji ni nadra kukaa zaidi ya siku tatu. Tafakarini maana yake kwa mfugaji. Akiba yako yote ya miezi sita ni ile nyasi uliyoiacha bondeni imesimama. Huwezi kuiongeza.

Samhain ilikuwa siku ya hesabu hiyo. Ng'ombe wameteremshwa, wote wako mbele yako. Unatazama nyasi, unawatazama ng'ombe. Huyu ana mimba, abaki. Huyu mtamba ana umbo zuri, abaki. Huyu mzee hatauona mwezi Machi. Wasioweza kulishwa walichinjwa, nyama ikatiwa chumvi, nyingine ikaliwa pale pale. Ndiyo maana kulikuwa na karamu kubwa. Watu walikula kwa sababu nyama ilikuwepo, na ilikuwepo kwa sababu nyasi hazikutosha. Baba yangu aliwahi kufanya hesabu ya namna hiyo, nami nilikuwa nimesimama kando yake. Hakusema neno siku nzima.

Desturi hii ilidumu katika mambo ya kawaida kabisa. Hata enzi za makabaila wa Kiingereza, pango la ardhi katika sehemu nyingi za Ayalandi lililipwa mara mbili kwa mwaka, 1 Mei na 1 Novemba. Vibarua waliokodiwa kwa msimu walimaliza mkataba wao siku hizo. Kiangazi kimekwisha, deni lilipwe, kila mtu arudi kwao.

Sasa mtaniuliza, kama tarehe ni 1 Novemba, mbona mambo yote yanafanyika usiku wa tarehe 31? Ndugu zangu wa Mombasa, Lamu na Unguja, hili ninyi hamhitaji kufundishwa. Usiku wa Ijumaa ni upi? Ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Wakelti nao walihesabu hivyo hivyo. Julius Caesar, aliyepigana na Wagali huko Ufaransa ya leo, aliandika kabla ya kuzaliwa Kristo kwamba watu hao huhesabu muda kwa usiku, na kwamba hata siku za kuzaliwa na mianzo ya miezi huipanga hivyo, mchana ukifuata usiku. Mwaka wenyewe nao waliufuatisha hivyo: nusu ya giza, kisha nusu ya mwanga. Ndiyo sababu wapo wanaoiita Samhain mwaka mpya wa Wakelti. Wazo hilo lilienezwa sana na msomi wa Wales, John Rhys, mwishoni mwa karne ya 19, na maandishi ya kale hayasemi hivyo waziwazi. Mimi naona inatosha kuiita mlango wa giza.

Tena si Ayalandi peke yake. Mwaka 1897, huko Coligny mashariki mwa Ufaransa, kilichimbuliwa kibao cha shaba nyeusi kilichovunjika vipande vipande. Ni kalenda ya Wagali, ya karne ya 2 hivi. Ndani yake kuna mwezi uitwao Samonios, na katika mwezi huo kuna siku iliyoandikwa kwa ufupi maneno yanayofasiriwa kuwa "masiku matatu ya Samonios". Wataalamu wanabishana kama mwezi ule uliangukia majira haya haya, lakini ukiliona jina, unaona undugu wake. Huko Wales usiku huu huitwa Nos Calan Gaeaf, usiku wa kuingia majira ya baridi. Kisiwani Man watoto bado hutembea na taa usiku wa 31 Oktoba wakiimba, na wenyewe wanaiita Hop-tu-Naa.

Kuhusu muda wa sikukuu, hadithi moja ya kale ya mashujaa wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ayalandi, inasema watu walikusanyika siku tatu kabla ya Samhain, siku yenyewe, na siku tatu baada yake. Siku saba za michezo, kula, kunywa, na kila shujaa kusimulia aliyoyatenda mwaka ule.

Twende kwenye moto. Nyie mnaoishi Athboy mko karibu nao kuliko mnavyodhani. Kile kilima mnachokipita mkienda mjini, kiitwacho kwa Kiingereza Hill of Ward, jina lake la asili ni Tlachtga. Tlachtga alikuwa mwanamke, binti wa Mug Ruith, mganga mkuu wa hadithi za kale. Inasimuliwa kwamba alijifungua watoto watatu kwa mpigo juu ya kilima kile, akafa hapo hapo, akazikwa hapo.

Padri mmoja msomi, Seathrún Céitinn, aliyekusanya historia ya Ayalandi katika miaka ya 1630, aliandika kwamba usiku wa Samhain moto wa kila nyumba katika nchi nzima ulipaswa kuzimwa. Makuhani wa kale waliwasha moto mmoja juu ya Tlachtga, na kutoka kwenye moto ule ndipo nyumba nyingine zilipochukua wa kwao, kwa kulipa sarafu moja ya fedha kwa kila nyumba. Céitinn aliandika karne nyingi baada ya mambo yenyewe, na mimi sitawaambia kila neno lake ni la kuapia. Lakini kilima kipo. Wanaakiolojia wa chuo kikuu cha Dublin walikichimba kuanzia mwaka 2014, wakakuta kwamba mahandaki na matuta yake yalijengwa na kujengwa upya kwa vipindi tofauti.

Nilipanda huko na binti yangu mwaka jana. Msitarajie mnara. Hakuna jiwe lililosimama wala lango. Ni matuta ya udongo, duara ndani ya duara, manne, yamefunikwa na nyasi, na kondoo wanalala kwenye mifereji yake kujikinga na upepo. Mtu anaweza kuyavuka yote asijue amevuka nini. Lakini ukifika juu na kugeuka, unaona mbali sana, na siku ikiwa safi unakiona kilima cha Tara, makao ya wafalme wa kale wa Ayalandi, karibu kilomita 20. Hapo ndipo nilipoelewa. Moto ukiwashwa pale, nchi yote iliyoketi gizani inauona.

Na huko Tara kuna kichuguu kikubwa cha kaburi, Duma na nGiall, chenye zaidi ya miaka 5,000. Ujia wake wa mawe umeelekezwa namna ambayo mwanzoni mwa Novemba, na tena mwanzoni mwa Februari, jua likichomoza mwanga wake unaingia ndani. Waliojenga walikuwa na majina mengine na labda lugha nyingine kabisa. Siku ile ilikuwa na uzito kwao pia.

Nikiwa mtoto nilifundishwa kwamba hadithi husimuliwa usiku, na hii ni ya usiku huu, basi nisikilizeni. Inatoka Cruachan, ambako sasa ni Kaunti ya Roscommon, na imo katika maandishi ya kale ya Kiayalandi.

Mfalme Ailill na Malkia Medb wamekaa na watu wao usiku wa Samhain, chungu kiko motoni. Siku iliyotangulia mateka wawili wamenyongwa, na miili bado inaning'inia nje. Ailill akasema, atakayetoka akafunge ufito uliosokotwa kwenye mguu wa mmoja wao, nitampa zawadi aitakayo. Giza la usiku ule lilikuwa zito. Mmoja akatoka, akarudi mbio. Wa pili vivyo hivyo. Kijana Nera akasema, mimi nitakwenda.

Akafika, akafunga ule ufito, ukafyatuka. Akafunga tena, ukafyatuka. Mara tatu. Basi maiti ikamwambia: utafunga mpaka kesho, hujatia kijiti cha kuushikilia. Nera akatia kijiti, ukashika. Maiti ikasema, kwa kuwa umeweza, nibebe mgongoni, nikanywe maji, nilinyongwa nikiwa na kiu.

Akaibeba. Nyumba ya kwanza waliikuta imezungukwa na moto. Maiti ikasema, humu hatuna kinywaji, watu hawa hufunika moto wao vizuri kila usiku. Ya pili imezungukwa na maji. Humu nako hatuingii, hawa hawalali na maji machafu ndani. Nyumba ya tatu, mabeseni yamejaa, maji ya kuogea na ya kunawia miguu yametelekezwa sakafuni. Maiti ikaingia, ikanywa, na funda la mwisho ikawatemea usoni waliolala. Wote wakafa. Ndiyo maana, hadithi inasema, si vizuri kulala na moto usiofunikwa au maji machafu ndani ya nyumba. Bibi yangu hakujua Ayalandi ni nini, na hatukulala hata siku moja na maji machafu kwenye beseni.

Nera akairudisha maiti mahali pake. Alipogeuka, ngome ya Cruachan inawaka, vichwa vya watu wake vimerundikwa, na jeshi geni linaondoka. Akalifuata mpaka likaingia pangoni, naye akaingia. Kule ndani kulikuwa na nchi nzima: mfalme, nyumba, ng'ombe. Watu hao ndio aos sí, watu wa vilimani. Mfalme wao akampa kazi ya kuleta kuni kila siku na mwanamke wa kuishi naye. Mwanamke ndiye aliyemfunulia siri. Akamwambia, ulichokiona bado hakijatokea. Kitatokea Samhain ijayo usipowaonya. Nenda. Wenzako bado wamezunguka chungu kile kile, hakijaepuliwa.

Nera aliona amekaa huko siku kadhaa, na juu duniani hata chakula hakijaiva. Akauliza, nani ataniamini? Mwanamke akasema, chukua matunda ya kiangazi. Akatoka pangoni usiku wa kwanza wa baridi akiwa na kitunguu saumu pori, maua ya primrose na kangaga za rangi ya dhahabu mikononi. Wakaamini.

Pango hilo lipo hadi leo. Linaitwa Oweynagat, pango la paka. Mlango wake ni mdogo, chini ya mti wa miiba kwenye shamba la kawaida, unaingia kwa kutambaa. Juu ya mlango kuna jiwe lenye maandishi ya kale yaliyochongwa kwa mistari, yanayomtaja Fraech, mwana wa Medb.

Naipenda hadithi hii kwa sababu hofu yake ni ya nyumbani. Mtu aulize: moto wangu umefunikwa? Maji yamemwagwa? Watu wangu wote wamo ndani? Huko Uskoti nako, katika parokia ya Callander, mchungaji wa miaka ya 1790 aliandika kwamba moto wa usiku huu ukishazimika, majivu yalikusanywa yakawekwa duara, na kando yake kila mtu wa kila familia akawekewa jiwe lake. Asubuhi watu walikwenda kutazama. Jiwe lililosogea au kuharibika, mwenyewe hatamaliza miezi 12. Fikirini akina mama waliokwenda kutazama alfajiri ile, wakiyahesabu mawe ya watoto wao.

Najua wengi mnangoja nifike kwenye dini. Sikukuu ya Watakatifu Wote, 1 Novemba, na ya Marehemu Wote, 2 Novemba, Wakatoliki wenzangu mnazijua. Neno Halloween lenyewe ni mkesha wa Watakatifu. Husemwa kwamba Papa aliihamisha sikukuu ili kuifunika Samhain. Miguu ya dai hilo ni dhaifu. Papa Gregori III, katika karne ya 8, aliweka wakfu kikanisa cha watakatifu wote huko Roma, na mwaka 835 tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika himaya ya Wafranki. Lakini Kanisa la Ayalandi la wakati huo lilikuwa likiwaadhimisha watakatifu wote 20 Aprili. Waliokuwa na Samhain ndio waliokuwa na tarehe nyingine. Baadaye mambo mawili yalikutana katika nyumba moja, na watu wa hapa, Wakristo waliofunga na kusali rozari, hawakuona shida kumwachia marehemu kiti. Walifagia jiko, wakaacha moto, mlango bila komeo, na bakuli la maji. Halafu wakasali, wakalala. Ndivyo yule mzee alivyolelewa.

Maboga, kwa kifupi, yametoka Marekani. Hapa walichonga tanipu, mzizi mgumu kama jiwe, wakatia mshumaa au kaa ndani. Kwenye jumba la makumbusho la Turlough, Kaunti ya Mayo, kuna nakala ya plasta ya tanipu moja kutoka Fintown, Donegal, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Sura yake imekunjamana kama ya mtu aliyekufa kwa njaa. Na njaa ndiyo iliyoivusha sikukuu hii bahari. Kati ya 1845 na 1852 viazi vilioza ardhini, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka. Wakafika Marekani bila kitu, wakakuta boga, laini, kubwa, linalochongeka kwa dakika chache. Mimi siwezi kulitazama boga lile kama mapambo tu. Lilichongwa na wakimbizi wanaokumbuka kwao. Humu ndani tupo tunaopika ugali kwa unga usio wenyewe.

Na chakula je? Kuna mkate wa zabibu uitwao báirín breac, utauona kila duka wiki hii. Ndani yake hufichwa pete. Zamani walificha na sarafu, kipande cha kitambaa, kijiti na punje ya njegere. Pete ni ndoa, sarafu ni mali, kitambaa ni ufukara, kijiti ni ndoa ya magomvi, njegere ni kukaa mwaka mzima bila kuolewa. Mkiukata, wakatieni watoto vipande vyao polepole, pete ya bati ni ndogo na humezeka. Mwaka jana kule kazini bibi wa miaka 91 alipata pete, akaivaa kidoleni hadi Krismasi. Kuna na viazi vilivyopondwa na sukumawiki na siagi nyingi. Zamani bakuli moja liliwekwa nje au kuachwa mezani kwa ajili ya wasioonekana. Na matunda ya mwituni, zile beri nyeusi za kwenye ua, baada ya Samhain hayachumwi. Wanasema púca, jini la hapa, ameshayatemea mate. Mama mmoja alinieleza sababu nyingine: yameshaanza kuoza, na mtoto humzuii kwa hoja ya ukungu.

Nimalizie kwa jambo ninalowaomba mlifanye, na nimekuja na vifaa vyake.

Kati ya 1937 na 1939, tume ya kukusanya mapokeo ya Ayalandi iliwaagiza watoto wa shule za msingi waende nyumbani wakawaulize wazazi, babu, bibi na majirani, kisha waandike. Watoto zaidi ya 50,000, kutoka shule 5,000 hivi, katika kaunti 26. Desturi za sikukuu zilikuwa miongoni mwa maswali. Daftari zao zipo, kurasa mamia ya maelfu, na kila mtu anaweza kuzisoma kwenye intaneti bure, mwandiko wa mtoto na wino wake. Mambo mengi yanayojulikana leo juu ya Samhain ya nyumbani, yale ya kiti na mlango na bakuli la maji, yalinusurika kwa sababu mtoto wa miaka 11 alikaa chini akamwuliza bibi yake. Bibi wale wamekufa wote.

Wazee wetu sisi bado wako kwenye simu. Wako Singida, Kitui, Uvira, Bujumbura. Jumatatu hii ni sikukuu ya serikali na shule zimefungwa wiki nzima. Mtoto akivaa nguo ya mzimu au asivae, hilo ni lenu. Ila nimeleta daftari 40, ziko mezani pale karibu na chai, kila mtoto achukue moja. Swali la kwanza ni lile nililoulizwa mimi. Ng'ombe hurudi lini? Kwa wa pwani waulizeni, dau hutoka lini na hurudi na upepo gani, na nani alisimama ufukweni kuhesabu.

Binti yangu alianza Jumapili iliyopita. Alimpigia babu yake, simu ikiwa kwenye spika, mimi nikipika. Babu akamsimulia mwaka wa ukame mmoja ambapo walipeleka ng'ombe 23 mbugani, wakarudi wanane. Binti akamwuliza majina yao. Nikasikia mzee ananyamaza, halafu anaanza kuyataja, mmoja mmoja, na rangi zake na pembe zake. Ukurasa wa kwanza wa daftari una majina saba. Wa nane amemsahau, akasema atapiga simu akimkumbuka.